Mstari Mwekundu wa Dhahabu



Ukifika zahanati na homa, kabla ya dawa utatobolewa kidole. Tone la damu litawekwa kwenye kishimo kidogo cha kipande cheupe cha plastiki, yatafuata matone kadhaa ya maji ya kipimo, kisha utaambiwa ukae kwenye benchi usubiri. Dakika 15 au 20 baadaye mhudumu anatazama kidirisha chenye herufi C na T. Mstari ukiwa mmoja, pale kwenye C, kipimo hakijaona malaria. Ikiwa miwili, unayo. Na mistari hiyo ina rangi ya damu ya mzee, ndiyo maana wengi hudhani ni damu yao wenyewe iliyoganda pale.

Siyo damu. Katika vipimo vingi vya aina hiyo, rangi unayoiona ni dhahabu.

Ndiyo, dhahabu halisi, ile ile inayochimbwa Geita na kupimwa kwa gramu mbele ya sonara. Tofauti ni ukubwa tu. Chembe zilizomo kwenye kipimo zina upana wa nanomita 20 hadi 40 hivi, na nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,500 hivi, kwa hiyo juu yake ungeweza kupanga karibu chembe 190 za dhahabu kwa mstari mmoja. Wala usihangaike kuokota vipimo vilivyotumika ukampelekee sonara. Kilichomo ni kidogo mno, hata mizani yake haitacheza.

Tuingie mle ndani tuone. Chini ya ile plastiki kuna utepe wa karatasi maalumu inayonyonya. Mwanzoni mwa utepe zimekaushwa chembe za dhahabu, kila moja imevikwa kingamwili, yaani zile protini ambazo mwili huzitengeneza ili kumkamata adui mmoja na kuwaacha wengine wapite. Kingamwili hizi zimechaguliwa ziishike protini iitwayo HRP2, ambayo kimelea cha malaria cha aina ya falsiparamu huimwaga kwenye damu. Damu na maji ya kipimo vinapopanda utepe vinazizoa chembe za dhahabu na kwenda nazo. Protini ya kimelea ikiwepo, inanaswa njiani. Mbele, palipoandikwa T, zipo kingamwili nyingine zilizobandikwa kwenye karatasi, nazo zinaishika protini ile ile kwa upande wa pili. Safari inaishia hapo. Chembe zinarundikana kwa mamilioni, na jicho linaona mstari. Chembe zilizosalia zinaendelea hadi C, ambako zinakamatwa hata zisipobeba kitu, kuthibitisha tu kwamba maji yamefika mwisho. C isipotokea, kipimo ni kibovu na kitupwe, hata kama T imewaka.

Kwa sababu hiyo mstari hafifu wa T nao ni mstari. Watu hubishana na mhudumu kwamba huu haujakolea, wakidhani wana malaria nusu. Hafifu maana yake chembe chache zimenaswa, na zisingenaswa pasipo kitu cha kuzinasa. Nalo lipo la kuongeza: HRP2 huweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, kwa hiyo aliyemaliza dozi juzi anaweza kupimwa leo mistari ikatoka miwili, naye amekwisha kupona.

Dhahabu yenyewe haina habari na malaria. Inayojua malaria ni kingamwili. Kazi ya dhahabu ni kuonekana. Mwaka 2010 watafiti walitoa taarifa kutoka Peru kwamba kuna vimelea vya falsiparamu ambavyo jeni ya HRP2 imefutika kabisa. Mtu anaugua, kipimo kinasema hana kitu. Tatizo hilo lilipokuja kuonekana Eritrea, nchi hiyo ililazimika kubadili vipimo vyake mwaka 2016, ikachukua vinavyotafuta protini nyingine ya kimelea. Angalia kilichobadilishwa: ni kingamwili. Vivyo hivyo boksi la vipimo likipigwa na jua kutwa nzima nyuma ya pikipiki, kinachoharibika ni protini. Kwa dhahabu joto hilo si chochote.

Sasa wekundu huo umetoka wapi, ilhali dhahabu tunayoijua ni ya manjano? Mafundi wa vioo waliutumia karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuuelewa. Katika jumba la makumbusho la British Museum, London, kipo kikombe cha kioo kilichotengenezwa na Warumi karne ya 4, kinaitwa kikombe cha Lycurgus. Mwanga ukikipiga kwa nje ni cha kijani. Ukiweka taa ndani yake kinakuwa chekundu. Ndani ya kioo kuna chembe ndogo sana za fedha na dhahabu, kwa kiasi ambacho fundi mwenyewe huenda hakujua ametia nini.

Aliyeuliza swali kwa utaratibu ni Mwingereza Michael Faraday, yule yule wa umeme na sumaku. Mwaka 1856, akiwa na umri wa miaka sitini na ushee, alikuwa akichunguza jinsi mwanga unavyopita kwenye karatasi nyembamba za dhahabu. Alizipunguza unene kwa dawa, akaziosha, akaona maji ya kuoshea yamebaki na wekundu hafifu. Mwingine angeyamwaga. Faraday akatengeneza maji hayo kwa makusudi, kwa kuichanganya chumvi ya dhahabu na fosforasi, akapitisha mwale wa mwanga katikati ya chupa, na njia ya mwale ikaonekana ndani ya maji. Akakata shauri: humu mna dhahabu, tena ni metali bado, ila imegawanyika mno. Aliyasoma hayo mbele ya Royal Society mwaka 1857. Chembe zenyewe hakuziona hata siku moja, maana darubini za wakati wake zisingeweza. Lakini chupa zake zimehifadhiwa Royal Institution, London, na wekundu wake bado upo.

Na alifanya jambo jingine ambalo naliona kubwa kuliko hilo la kwanza. Alitia chumvi ya mezani. Maji mekundu yakageuka samawati. Akajaribu tena, safari hii ametangulia kutia gundi ya jeli, na chumvi ikashindwa kuigeuza rangi. Ushike mkasa huo wa chumvi, maana utatupeleka mbali.

Tuanze na wekundu. Metali ina elektroni zisizofungwa kwa atomu moja. Zinatangatanga ndani ya kipande kizima. Mwanga unapofika unazisukuma huku na huku kufuata mdundo wa wimbi lake. Aliyewahi kubeba ndoo ya maji kichwani anafahamu kwamba mwendo fulani ukiulenga, maji huanza kucheza pamoja nawe, yanapanda na kushuka hadi yanakumwagikia. Mwendo mwingine wowote yanatulia. Ndani ya chembe ndogo ya dhahabu mdundo unaoafikiana na elektroni ni wa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 520 hivi, ambao macho yetu huuita kijani. Kijani kinamezwa, rangi nyekundu inapita. Wanafizikia wanauita mchezo huo plazmoni. Hesabu zake zilikamilishwa mwaka 1908 na Mjerumani Gustav Mie, na hadi leo mwenye kutaka kujua chembe ya duara ya ukubwa fulani itameza mwanga kiasi gani anarudi kwenye hesabu hizo. Umezaji huo ni mkali ajabu: chembe moja ya nanomita 40 inameza mwanga mara laki moja hivi kuliko molekuli moja ya rangi za kawaida za maabara. Kwa hiyo mstari wa zahanati unaonekana kwa macho matupu, bila taa wala mashine.

Chembe mbili zikisogeleana zikakaribia kugusana, elektroni za moja zinasikia za mwenzake, mdundo unabadilika, na rangi inaelekea samawati. Ndicho alichokifanya Faraday kwa chumvi. Chembe zake zilikuwa na chaji za kufanana zikisukumana mbali. Chumvi ikaufifisha msukumo huo, zikaparamiana.

Kuzitengeneza siku hizi ni kazi ya dakika chache. Njia inayotumika zaidi ilielezwa mwaka 1951 na John Turkevich wa Princeton na wenzake, na huwa inaonyeshwa wanafunzi kwa sababu inapendeza kuitazama. Unachemsha maji yenye kloridi ya dhahabu, ya manjano iliyopauka. Yakishika kuchemka unamimina sitrati, chumvi itokanayo na ile asidi ya limau. Umanjano unapotea, maji yanakuwa meupe. Kwa kitambo hakuna kitu. Halafu yanaingia kijivu, yanatiwa giza hadi kukaribia weusi wa wino, yanageuka zambarau, na mwisho yanatulia kwenye wekundu wa divai. Ukipunguza sitrati, chembe zinakua kubwa zaidi. Ugumu uko kwenye kuosha vyombo tu: chupa huoshwa kwanza kwa mchanganyiko wa asidi mbili zenye nguvu za kuyeyusha hata dhahabu, kwa kuwa uchafu kidogo ukutani mwa chupa unatosha kuharibu kazi yote.

Turudi kwenye chumvi na jeli. Jeli ni protini. Protini ikikutana na chembe ya dhahabu huishikilia yenyewe, bila kuombwa, ikaifunika, na chumvi haipati nafasi. Richard Zsigmondy, aliyezaliwa Vienna na baadaye akapewa Nobel ya kemia ya mwaka 1925, aligeuza jambo hilo kuwa kipimo rasmi: protini kiasi gani inahitajika ili maji mekundu yasibadilike yakitiwa chumvi. Yeye pia, pamoja na Henry Siedentopf, ndiye aliyetengeneza darubini iliyoonyesha chembe moja moja za dhahabu zikimeta gizani. Na leo, kiwandani kunakotengenezwa vipimo vya haraka, fundi anayetaka kujua ametia kingamwili za kutosha kwenye dhahabu yake bado anadondosha chumvi. Ikibaki nyekundu, zinatosha. Ikigeuka samawati, aongeze. Sidhani kama yupo anayemkumbuka Faraday wakati huo, na wala hana haja.

Kushikamana huko kwa hiari ndiko kulikofungua mlango wa biolojia ya seli. Darubini ya elektroni inaona vitu vidogo kuliko ile ya mwanga, lakini ina udhaifu wake: inaonyesha umbo, haitaji jina. Seli imejengwa kwa kaboni, haidrojeni, oksijeni na naitrojeni, atomu nyepesi zote, na protini elfu kidogo zilizosongamana zote zinatoka kijivu. Mwaka 1971 W. Page Faulk na G. Malcolm Taylor walichukua kingamwili za sungura dhidi ya bakteria wa salmonela, wakazichanganya na chembe za dhahabu, wakawapaka bakteria. Atomu ya dhahabu ina protoni 79; elektroni za darubini haziipiti kirahisi. Kwenye picha, kila penye dhahabu pakatokea nukta nyeusi ya mviringo, isiyoweza kudhaniwa kitu kingine.

Njia hiyo ikaenea. Ukitaka protini mbili kwa wakati mmoja, unaipa moja chembe za nanomita 5 na nyingine za nanomita 15, kisha unasoma nukta ndogo na nukta kubwa kwenye picha moja. Mengi tunayoyajua kuhusu protini zinavyotoka zinakotengenezwa ndani ya seli, zikapita vituo vyake hadi zikafika kwenye utando wa nje, yalithibitishwa kwa kufuata nukta hizo. Mpenda ukweli atakuambia pia kasoro zake. Kingamwili nayo ina urefu wake, kwa hiyo nukta inaweza kukaa nanomita 15 hadi 20 mbali na kitu chenyewe. Tena si kila protini inapata nukta, nyingi zinakosa. Ukihesabu nukta kumi usiandike kwamba kuna protini kumi.

Seli ya kwenye darubini ya elektroni kwa kawaida imekwisha kufa. Iliyo hai nayo ilipata dhahabu yake. Rangi zinazong'aa ambazo wanabiolojia huzipenda huchoka zikimulikwa, zinazimika. Chembe ya dhahabu haichoki. Unaweza kuimulika saa nzima ikabaki ilivyo. Mwaka 2002 Akihiro Kusumi na wenzake huko Japani walibandika chembe za nanomita 40 kwenye molekuli za mafuta za utando wa seli, wakazipiga picha karibu 40,000 kwa sekunde. Vitabu vilikuwa vimetuambia kwamba utando ni majimaji na molekuli zake huelea zinavyotaka. Walichokiona ni kwamba molekuli inahangaika ndani ya eneo dogo, katika seli hizo lenye upana wa nanomita 230 hivi, kwa wastani wa milisekunde 11, halafu inaruka kwenda eneo la jirani na kuanza upya. Maelezo yao yalikuwa kwamba nyuzi za mifupa ya seli zilizo chini ya utando zinaugawa vyumba. Wapo waliopinga, wakisema chembe ya nanomita 40 ni mzigo mkubwa kwa molekuli ndogo ya mafuta na huenda mzigo ndio uliobadili mwendo. Ubishi wa halali kabisa, na hakuna chembe ya dhahabu inayopachikwa kwenye seli bila swali hilo kuulizwa.

Upande wa vifaa vya mwanga mambo yalichangamka pale watafiti walipoacha mviringo. Ukiikuza dhahabu iwe kijiti kirefu, elektroni zinacheza kwa midundo miwili, mmoja wa upana na mmoja wa urefu, na kadiri kijiti kinavyorefuka ndivyo mdundo wa pili unavyohamia kwenye wekundu na kuupita, hadi mwanga ambao macho hayauoni. Mwaka 2009 Peter Zijlstra, James Chon na Min Gu, huko Melbourne, Australia, walivitia vijiti vya namna hiyo ndani ya plastiki na kuvifanya daftari. Leza ya rangi fulani, iliyoelekezwa upande fulani, inaviyeyusha vile tu vyenye urefu unaolingana nayo na vilivyolala kuufuata upande huo. Vilivyoyeyuka vinakuwa duara na kuacha kuitikia. Hiyo ndiyo alama iliyoandikwa. Kwa rangi tatu, pande mbili na tabaka tatu za kina, mahali pamoja paliweza kuhifadhi maandishi kadhaa bila kuingiliana. Kazi nzuri mno, lakini diski hiyo hujaiona dukani.

Habari ya saratani nayo naiweka karibu na hapo, kwa unyenyekevu. Mwanga wenye urefu wa nanomita 700 hadi 900 hupenya nyama kuliko rangi nyingine. Ukifunika tochi kwa kiganja usiku utaona ni wekundu unaotoka. Naomi Halas na Jennifer West wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, walitengeneza vitufe vya silika vilivyovikwa ganda jembamba la dhahabu ili vimeze mwanga huo na kuugeuza joto. Mwaka 2003 walionyesha kwa panya kwamba uvimbe unaweza kuunguzwa kwa njia hiyo. Taarifa ya majaribio kwa wanaume wenye saratani ya tezi dume, New York, ilitoka mwaka 2019: wagonjwa 16, na 15 kati yao matibabu yalikamilika. Yaani miaka 16 ya kutoka panya hadi wagonjwa 16. Kila mara ninapokutana na kichwa cha habari kisemacho dhahabu yatibu saratani, hesabu hiyo ndiyo inayonijia. Kwa maoni yangu dhahabu mpaka sasa imetufaa zaidi kwa kutuonyesha ugonjwa ulipo kuliko kuuondoa, na mstari mmoja wa zahanati umeokoa watu wengi kuliko vitufe vyote vya Houston.

Watu huuliza kama chembe hizi zina sumu, wakitegemea jibu moja. Dhahabu ya pete haipati kutu wala haimdhuru mtu, lakini tabia hiyo haishuki yote hadi kwenye nanomita. Mwaka 1987 Masatake Haruta wa Japani alionyesha kwamba dhahabu ya chembe ndogo sana, ikiwekwa juu ya oksidi inayofaa, inachochea hewa ya sumu ya kaboni monoksidi iungue hata kwenye baridi kali. Mwaka 2007 watafiti wa Aachen, Ujerumani, walitoa taarifa kwamba vishada vya nanomita 1.4 viliua seli maabarani, wakati chembe za nanomita 15 hazikuzidhuru. Mwaka mmoja kabla yake, Toronto, kundi la Warren Chan liliona kwamba seli humeza zaidi chembe za nanomita 50 kuliko zilizo ndogo au kubwa kuliko hapo. Vijiti navyo hukuzwa kwa kutumia sabuni kali, nayo isipooshwa vizuri ndiyo inayoua, dhahabu ikasingiziwa. Na zikiingia kwenye damu, nyingi huishia kwenye ini na bandama na kukaa humo muda mrefu.

Nasema hivyo kwa sababu mtandaoni zinauzwa chupa za maji mekundu ya dhahabu ya kunywa, eti ya kuongeza akili na kulainisha viungo, pamoja na mafuta ya uso yenye dhahabu. Ukikutana na muuzaji, muulize mambo mawili tu: chembe zake zina nanomita ngapi, na zimevikwa nini. Akishindwa kukujibu, basi hajui anachokunywesha.